Mkono wa Bibi Kelsom

Adhuhuri ya siku ya nne tangu wamzike Bibi Kelsom, Najwa alisikia mtu akitwanga tambuu.

Tok. Tok. Tok. Kishindo kidogo cha chuma ndani ya kinu cha shaba, kile cha kushika mkononi, ambacho wazee waliokwisha meno hutwangia majani na popoo kabla ya kutia kinywani. Najwa alikuwa amelala chali kwenye mkeka, kitambaa cha maji kimemfunika macho. Alisikiliza bila hofu, maana sauti ile alikulia nayo; miaka kumi na saba ilikuwa ikitoka humu humu chumbani. Kisha akakumbuka. Katika nyumba ile mtafuna tambuu alikuwa mmoja tu, naye yuko chini ya udongo nyuma ya msikiti.

"Mama," akaita. "Nani anatwanga?"

Jikoni sufuria ikanyamaza. "Anatwanga nini?"

"Tambuu."

"Ni kichwa hicho, mwanangu. Daktari si alisema utasikia kengele? Lala."

Daktari alisema kengele. Hakusema kinu.

Bibi Kelsom alikuwa mkunga. Nusu ya watu wa pande zile za Bachok, pwani ya Malaysia, walipita mikononi mwake wakiwa na damu ya kuzaliwa, na wote walijua, ingawa hakuna aliyethubutu kusema akiwa karibu, kwamba mama yule hakufanya kazi peke yake. Alikuwa na saka, jini la kurithi, alilopewa na mama yake, naye mama yake akapewa na wake. Ndilo lililomnong'oneza mtoto kalala vipi tumboni. Naye alililisha wali wa manjano na yai kila Alhamisi magharibi, na maisha yakaenda. Tatizo la saka ni moja. Mwenye nalo hafi mpaka apatikane wa kulipokea.

Basi Bibi Kelsom alipougua, siku tisa, kufa hafi na kupona haponi. Mkono wake wa kulia uliinuka juu ya shuka, vidole vimefunguka, na sauti ikimtoka kwa shida, "Nipokeeni. Nipokeeni jamani." Watoto wake walisoma Yasini mpaka wakapwelewa sauti, lakini walikaa mbali na mkono ule, na usiku kila mmoja alikesha kaikalia mikono yake mwenyewe. Siku ya tisa mwanawe Mud, fundi seremala, akapoteza subira. "Nafungua paa," akasema. "Roho ikipata njia itatoka yenyewe, bila kumwachia mtu mzigo." Ndivyo walivyofanya wazee. Kinatolewa kigae kimoja juu ya kichwa cha anayekata roho.

Mjomba Mud akakitoa. Kikamteleza mkononi, kikaserereka juu ya wenzake, kikaenda kumpiga Najwa juu ya sikio, pale chini alipokuwa akipita na beseni la maji.

Najwa anakumbuka uzito wa beseni. Baada ya hapo anakumbuka taa nyeupe za hospitali ya wilaya na jioni imeshaingia. Katikati pana saa mbili, na ndani ya saa mbili zile hamna kitu, giza tupu. Katika saa mbili hizo bibi alikufa.

Daktari alikuwa mama wa Kitamil, Yoges jina lake, mwenye nywele za mvi na sauti isiyo na haraka. Alimmulika macho, akamhesabisha kinyumenyume. "Ubongo umetikisika kidogo," akasema. "Hakuna kilichovunjika. Giza, kimya, simu hapana, vitabu hapana." Kisha akamgeukia Che Yah, mama yake Najwa. "Nikuulize, mama. Kwenye ukoo wenu yupo mtu mwenye maradhi ya akili? Huzuni isiyoisha, kusikia sauti, chochote? Kijana mwenye ukoo wa namna hiyo akigongwa kichwa hata kidogo tu, moyo wake huyumba zaidi na hukawia kupona. Ningependa nimwone kila wiki."

"Hakuna," alijibu Che Yah upesi. "Sisi ukoo wetu wazima."

Wazima! Na kule nyumbani, nyuma ya jiko, mdogo wake wa tumbo moja, Mek Zah, anaishi kwenye chumba chenye komeo kwa nje, mwaka wa ishirini na saba sasa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini aibu ikishamkaba mtu, hata wahenga hawasikii. Daktari akaandika "hakuna", akawapa tarehe ya mbali.

Najwa alilazwa chumba cha marehemu kwa sababu ndicho pekee chenye madirisha ya mbao yanayofungika sawasawa. Mwanga wowote ulimchoma. Giza lilikuwa zuri isipokuwa pale juu, kwenye tundu la kigae, ambalo mjomba Mud alikataa kuliziba mpaka arobaini ipite. Kila mchana jua lilipenya hapo likaangusha sakafuni doa la mwanga, upana wa sahani, nalo likatambaa polepole kuelekea kwenye mkeka.

Alijaribu kuzidai zile saa mbili. "Mama, nilikuwa wapi bibi alipokufa?"

"Ulikuwa umelala barazani, tumekuwekea mto wa kijani."

Akamuuliza mjomba Mud, alipokuja kumtazama na macho yake ya majuto. "Ulikuwa umelala barazani," akasema mjomba, akiangalia vidole vya miguu yake. "Tumekuwekea mto wa kijani."

Watu wawili, maneno yale yale, mpaka rangi ya mto. Najwa aligeukia ukutani.

Siku zikaenda, naye hakupona. Mtihani wa kidato cha tano, wa kumaliza shule, ulikuwa umebakiza wiki tisa. Akifungua daftari kwa siri, herufi zinakimbia. Alilia bila sababu, na alipokosa machozi alikasirika. Siku moja alimrushia mama yake bakuli la uji wa mchele, kisha akabaki anautazama mkono wake, hajui kama ni wake. "Mama, nahisi kama nimefungiwa ndani ya kichwa na mtu mwingine," akasema. "Yeye ndiye mwenye nafasi. Mimi nimebanwa ukutani."

Che Yah alifuta uji sakafuni. Kesho yake fundi mmoja alikuja na bisibisi. Najwa akasikia chuma kikiingia kwenye mbao za mlango wake, kwa nje.

"Mama! Unafanya nini?"

"Kwa usalama wako, mwanangu."

"Nifungulie! Mimi si Mek Zah!"

Nyuma ya jiko, kwenye kile chumba kingine, mtu akacheka kidogo.

Ilikuwa saa saba za mchana, siku ya kumi na nane, jua la kupasua mawe, hakuna hata kiwingu, na doa la mwanga lilikuwa limefika ukingoni mwa mkeka, Najwa akilitazama kwa jicho moja kwa kuwa hana kingine cha kutazama, wakati harufu ilipoingia, kwanza chokaa mbichi na jani la tambuu, halafu chini yake damu, ile damu nzito ya wazazi ambayo bibi alikuwa akirudi nayo kwenye kanga zake, na kinu kikaanza, tok, tok, tok, si nje, si jikoni, bali juu, kwenye vigae, kikishuka kigae kwa kigae kuelekea kwenye tundu, na kilipolifikia kikanyamaza, na doa la mwanga likazimika. Likazimika! Chumba kikawa giza la kaburi, akajua kuna kitu kimeweka jicho lake pale juu na kinamtazama. Hakupumua. Kisha mwanga ukarudi, na katikati ya doa, sakafuni, palikuwa na tone jekundu la mate ya tambuu, bado linachuruzika.

Alipiga mlango kwa viganja mpaka vikavimba. Che Yah alifungua, akaliona lile tone. Hakuuliza ni nini. Alipiga magoti, akalifuta kwa ncha ya ushungi wake, akatoka, akafunga komeo.

Hilo ndilo lililomtisha Najwa kupita jicho. Kikulacho ki nguoni mwako.

Siku mbili baadaye, mama kaenda sokoni, komeo likalia taratibu na mlango ukafunguka kidogo. Aliyeingia ni Mek Zah. Alikuwa mwembamba, nywele fupi zimekatwa bila kioo.

"Usipige kelele," akanong'ona. "Mud ameniachia wazi. Dhamiri inamla yule. Niambie, wewe unaisikia mchana au usiku?"

"Nini, mamdogo?"

"Usinifanye mjinga. Mimi chizi tu, si mjinga. Tok, tok."

Najwa akamshika mkono, akaanza kulia. "Mchana."

"Mimi nilikuwa naisikia alfajiri." Mek Zah akakaa chini kando yake. "Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilianguka na baiskeli pale mferejini, kichwa kikapiga zege. Nikaamka, nikala, nikacheka, kila mtu akasema mzima. Mwezi wa pili ndipo nikaanza kulia kama wewe. Mama akasema hilo ni saka linamnusa mrithi, limeona mlango umepasuka. Akataka niupokee mkono wake. Nikakataa. Basi likawa linanizunguka tu, haliingii wala haliondoki, na mimi wakanifungia."

"Hawakukupeleka hospitali?"

"Mkunga mkubwa wa Bachok apeleke mwanawe kwa daktari wa vichaa? Looh! Watu wangesema nini?" Akacheka kile kicheko chake kifupi. "Mpaka leo sijui, mwanangu. Labda ni jini. Labda nilivunjika kitu humu, nami nilihitaji dawa na mtu wa kunisikiliza. Ilimradi hakuna aliyeniuliza. Na wewe usikubali. Nisipokutoa humu utatimiza miaka arobaini na mitatu unakata nywele bila kioo."

"Mamdogo, wewe uliona mchana ule bibi alipokufa? Nilikuwa barazani kweli?"

Mek Zah akauangalia mlango. "Mimi nilikuwa nimefungiwa. Lakini mbao zangu zina ufa. Barazani hapakuwa na mtu." Akanyanyuka. "Namtuma Mud akamlete Haji Jusoh, yule mtoa majini kwa kisomo. Leo leo."

Haji Jusoh alikuja baada ya alasiri na mfuko wa ndimu, chumvi ya mawe na punje za pilipili manga. Alikuwa mfupi, mkali, hana muda wa maneno matamu. Aliwaketisha wote mle chumbani, na Mek Zah naye, ingawa Che Yah alinung'unika.

"Kuna mwingine kwenye ukoo aliyewahi kupatwa?" akauliza.

"Hakuna," alisema Che Yah.

Haji akamtazama Mek Zah, akamtazama Che Yah. "Hakuna," akarudia polepole. "Haya."

Akaanza kusoma. Akakata ndimu juu ya kichwa cha Najwa, akambana punje ya pilipili manga kwenye kidole gumba cha mguu. Mwanzo Najwa alisikia maumivu tu. Halafu zile aya zikawa mbali, kana kwamba anazisikia kutoka chini ya maji, akasukumwa nyuma, nyuma zaidi, mpaka kwenye ukuta wa kichwa chake mwenyewe, na kutoka hapo alipobanwa, asiweze kuinua hata ulimi, akasikia kinywa chake kikifunguka na sauti ya Bibi Kelsom ikitoka, ile ile ya kukosa meno, ikilalamika kama mtu aliyesingiziwa.

"Mnanichoma bure. Mimi sikuiba. Nimepewa."

Mjomba Mud akajifunika uso. Haji hakutikisika. "Nani kakupa?"

"Nimepewa mkono kwa mkono. Nikauliza, nikajibiwa ndiyo. Mashahidi wapo."

"Nakuuliza, nani kakupa?"

Mkono wa Najwa ukainuka. Yeye hakuuinua, Mungu shahidi. Uliinuka, ukanyooka, na kidole kikaenda kusimama mbele ya uso wa mama yake.

Che Yah alitazama kidole kile, kisha akaanguka kifudifudi kwenye mkeka.

"Siku tisa!" akalia. "Siku tisa mama yangu anaoza yuko hai, mgongo wote kidonda, ananiita mimi. Mimi ndiye mkubwa. Mimi ndiye niliyetakiwa. Nikaogopa, jamani. Kigae kikampiga huyu, nikatoka mbio, nikamkuta amesimama, macho wazi lakini hayaoni. Nikamuuliza unaumwa? Ndiyo. Huumwi? Ndiyo. Leo Ijumaa? Ndiyo. Kila kitu ndiyo. Nikasema moyoni, huyu hayupo. Asiye na akili zake hata ndoa yake haifungi, kiapo chake hakishiki. Basi na hili halitashika. Mama atapata mkono wa kushika, atapumzika, na jini litabaki halina mwenyewe. Nilidhani nimelipiga chenga!"

"Ukamleta humu," Haji akasema.

"Nikamshika kiwiko. Nikautia mkono wake ndani ya mkono wa mama. Mama akauliza, unanipokea? Huyu akasema ndiyo. Akafa papo hapo, hata mtoto hajafunga mdomo. Ndipo tukampeleka hospitali. Mwanangu nisamehe, nilifikiri hutakumbuka, kwa hiyo haitahesabika."

Haji Jusoh akatikisa kichwa. "Che Yah, jini si kadhi."

Najwa alikuwa amerudi, mdomo mchungu wa chokaa. Alimsikia mama yake yote aliyosema. Alitaka kumpiga na alitaka kumkumbatia.

"Halitoki kwa kuchomwa hili," Haji akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Limepewa kwa mkono, litarudi kwa mkono. Aliyelitoa amekufa. Aliyeshika kiwiko yupo."

"Nipeni mimi," Mek Zah akasema ghafla, akanyoosha kiganja. "Mimi nimeshaharibika. Hakuna atakayeona tofauti."

"Wewe nyamaza!" Che Yah akainuka, uso umelowa kamasi na machozi. Akamtazama mdogo wake kwa muda mrefu, pengine mara ya kwanza kwa miaka mingi. "Wewe umebeba ya watu vya kutosha, Zah." Akajifuta, akasogea mpaka magoti yake yakagusana na ya bintiye, akafungua mkono wa kulia. "Uliza, mwanangu."

"Mama, sitaki."

"Uliza, Najwa. Mimi niko hapa. Akili zangu zote ziko hapa."

Najwa aliutazama mkono ule, wenye alama ya kuungua kwa mafuta, uliomsuka nywele na uliofunga komeo. Doa la mwanga lilikuwa limeshatambaa mpaka ukutani. Kule juu kinu kilikuwa kimetulia, kinasikiliza.

"Unanipokea?" akauliza.

"Ndiyo," Che Yah akasema.

Mwanga ukazimika ukutani, ukarudi. Basi. Hakuna upepo, hakuna mlango uliojibamiza. Najwa aliketi akingoja kinu, akangoja sana. Kichwa kilikuwa bado kinauma, lakini kiliuma kimya, na ndani yake alikuwamo yeye peke yake. Alilala hapo hapo, kichwa mapajani mwa Mek Zah, mpaka asubuhi.

Kesho yake mjomba Mud aling'oa makomeo yote mawili na kuziba tundu la paa. Na siku ya tarehe waliyopewa, wakaenda hospitali wanne kwenye gari la Mud, Mek Zah dirishani, akitaja majina ya maduka yaliyokuwapo zamani na kuuliza yameenda wapi.

Daktari Yoges alimmulika Najwa macho, akamhesabisha, akamuuliza kuhusu usingizi na machozi. Najwa akamweleza yote ya kichwani, hata bakuli la uji. Daktari akaandika muda mrefu. "Si jambo la kuonea haya," akasema. "Tutakwenda nalo polepole." Kisha akageuza ukurasa, akamtazama mama. "Nirudie swali langu la ile siku. Kwenye ukoo wenu, yupo mwingine?"

"Yupo," Che Yah alisema. "Mdogo wangu, Zaharah. Alianguka akiwa na miaka kumi na sita, tukamfungia. Yuko hapo nje kwenye benchi. Mwite, daktari, umwone na yeye."

Najwa machozi yakamlengalenga. Akamgeukia mama yake amshukuru, ndipo akaona. Che Yah, ambaye tangu azaliwe hajatia tambuu kinywani, midomo yake ilikuwa myekundu mpaka kwenye pembe. Mkono wa kushoto ulikuwa umekunja ngumi juu ya paja, umeshika kitu kisichokuwapo, na wa kulia ulikuwa ukipanda na kushuka juu yake, polepole, bila sauti.

"Ni huyo peke yake?" daktari aliuliza, kalamu mkononi.

"Na mimi," alisema Che Yah. Akatabasamu kwa upole, mkono wa kulia ukaacha kutwanga, ukageuka, ukafunguka juu ya paja upande wa bintiye.

Daktari aliandika. Najwa akatazama mbele, kwenye ukuta mweupe, na taratibu, mama yake asione, akaiingiza mikono yake yote miwili chini ya mapaja, akaikalia.